Mwalimu wa Meza na Mwalimu wa Mto

Mkiniuliza nilistaafu kutoka kazi gani nami nikawajibu "kufunga nzi", msicheke kabla sijamaliza. Mjukuu wa jirani yangu hapa Nakuru alicheka mpaka akamwaga chai. "Cucu," akaniuliza, yaani nyanya, "mlikuwa mnawafunga na kamba ama mnawafungia jela?"

Nzi ninaowasema hawana uhai. Kila mmoja ni ndoano ndogo, mara nyingine ndogo kama punje ya mchele, iliyovishwa uzi, unyoya wa jogoo, nywele za sungura na pengine kiutepe cha rangi ya dhahabu, hadi ikafanana na mdudu. Mvuvi anaifunga kwenye ncha ya mshipi wake, anaurusha mshipi juu ya mto, nzi wa bandia anatua majini, na samaki anayeitwa trauti, ambaye anapenda maji baridi ya milimani, anadhani chakula kimemwangukia. Ndiyo kazi iliyonilea. Niliifanyia katika karakana moja karibu na reli, tukiwa wanawake pekee kwenye meza ndefu, kila mtu na vaisi yake, yaani kile kifaa cha kubana ndoano ili mikono yote miwili ibaki huru. Nzi wetu walipanda ndege wakaenda ng'ambo. Sisi hatukuenda popote.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoanza kazi, kazi yoyote ile, kwa sababu nasikia mkilalamika kwamba hakuna wa kuwafundisha. Wapo. Ila wengine wanachimba viazi, na wengine wanawakasirikia.

Baba yangu alitoka Magharibi mwa nchi akaja Nakuru kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa hapahapa. Nilipoingia karakana nilikuwa msichana mwenye vidole vyembamba na maneno mengi. Aliyenipokea ni Bi Zuhura, msimamizi wetu. Watu wake walitoka pwani zamani, nao pia walifuata reli, wakabaki. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba hata ukitaka ruhusa ya kwenda msalani ulijipangia sentensi kwanza.

Siku ya kwanza hakunipa unyoya. Alinipa uzi na ndoano tupu, akaniambia niuzungushe na kuukaza mpaka ukatike.

"Ukatike, Bi Zuhura?"

"Ukatike. Kisha mwingine. Kisha mwingine."

Nilikata nyuzi asubuhi nzima nikidhani ananitania. Saa sita akaja, akasimama nyuma yangu. "Sasa umejua mpaka wake. Rudi nyuma kidogo tu kabla ya mpaka huo. Hapo ndipo pa kufanyia kazi." Mpaka leo sijapata maelezo bora zaidi ya kukaza uzi, na nimejaribu kuwaelezea wasichana wengi.

Alitufundisha pia kutunza mikono. Ukifua nguo Jumapili ukaja Jumatatu na ngozi inayokwaruza, nyuzi za hariri zinanasa kwenye vidole na kazi inaharibika. Kwa hiyo kila Jumapili jioni nilijipaka yale mafuta ya kukamulia ng'ombe, na mume wangu alikuwa akilalamika kwamba amelala na zizi.

Majina ya kizungu ya nzi wale yalitushinda, tukawapa yetu. Mweusi mwenye mshipi wa fedha kiunoni alikuwa Polisi. Mweupe mwenye mkia mrefu alikuwa Bibi Harusi. Kulikuwa na mmoja mnene wa rangi ya kahawia, amejaa manyoya shingoni, huyo tulimwita Mheshimiwa. Mheshimiwa ndiye aliyetuletea shida.

Siku moja sanduku lililokwenda ng'ambo likarudi. Meneja wetu, kijana mpole ambaye hakupenda kabisa kuleta habari mbaya, alisimama mbele ya meza akatuambia alivyoandikiwa na mnunuzi. Nzi ni wazuri sana, alisema, wazuri wa kutundika ukutani. Lakini wakitua majini wanalala ubavu, kisha wanazama. Wavuvi wamelalamika. Tutume sampuli mpya mwisho wa mwezi, na zikiwa kama hizi, atatafuta watu wengine. Mnunuzi huyo ndiye aliyechukua sehemu kubwa ya kazi yetu. Akiondoka yeye, nusu ya meza ingeondoka naye.

Sote tukamwangalia Bi Zuhura. Alimshika Mheshimiwa mmoja kwa kibano, akampeleka dirishani, akamgeuza kwenye mwanga. "Ana kasoro gani?" akauliza. "Mwenye macho anionyeshe."

Hakuna aliyeona. Tukaleta sufuria ya maji, tukamtua humo polepole kwa kidole, akaelea vizuri kabisa. Bi Zuhura akapumua. Lakini mimi roho haikutulia. Niliitazama sufuria ile, nikawatazama wenzangu, nikauliza kwa sauti, "Ni nani hapa amewahi kumwona trauti akimla nzi?"

Hakuna. Hata meneja. Tulikuwa kama mafundi wa kushona nguo za harusi ambao hawajawahi kumwona bibi harusi akitembea.

"Mimi nitakwenda kujifunza kuvua," nikasema.

Bi Zuhura aliweka kibano chini. "Truphena, mwanangu, wewe ni mfungaji. Kuvua samaki kwa nzi ni mchezo wa wenye nafasi."

"Ndiyo, Bi Zuhura. Lakini hao wenye nafasi ndio waliorudisha sanduku."

Akarudi kwenye kiti chake.

Nilianzia kwenye kompyuta ya meneja. Alinionyesha video ya mtu mmoja mwenye ndevu akirusha mshipi juu ya mto mpana, mshipi ukienda mbele na nyuma hewani kama utepe. Nilidhani nimeelewa. Jioni hiyo nikachukua mti wa ufagio, nikafunga uzi wa sufu kwenye ncha, nikatoka kwenye uwanja wa mtaa wetu kufanya mazoezi. Nilijichapa sikio. Nikanasa kamba ya nguo za jirani. Watoto walikusanyika, na mwishowe akaja mama mmoja wa kanisa letu, akanishika bega kwa huruma, akaniuliza kama kuna jambo linalonisumbua nyumbani, tuombe pamoja.

Kwa hiyo vijana, video ni nzuri, siikatai. Itakuonyesha mkono wa mtu. Haitauona mkono wako.

Nikajaribu mahali pengine, hoteli fulani ya wageni huko juu ambako nilisikia watu huvua. Askari wa langoni aliniambia kwa adabu kwamba mto ule ni wa wageni waliolala. Nikazunguka nyuma, jikoni, maana jikoni watu huongea. Mpishi mmoja aliyekuwa akimenya karoti akaniambia, "Mathe, mtafute Mzee Koros, huko nje ya Molo, upande wa msitu. Alikuwa anatembeza wavuvi zamani, anajua mto kuliko samaki wenyewe. Sasa analima viazi. Lakini nikwambie ukweli, hapendi watu."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Molo. Mnaoijua Molo mnajua baridi yake haibishi hodi. Nilimkuta Mzee Koros shambani, mtu mrefu mwenye kofia iliyochakaa, amezungukwa na marundo ya viazi. Nikamsalimu, nikajitambulisha, nikamwambia natafuta mtu wa kunifundisha kuvua trauti.

Hakuinua kichwa. "Mimi niko na viazi," akasema.

Nikangoja. Basi nikavuta debe tupu, nikaketi, nikaanza kuchambua viazi: vikubwa huku, vya mbegu kule, vilivyokatwa na jembe pembeni. Mikono iliyozoea kuchagua manyoya haishindwi na kiazi. Tulifanya kazi hivyo mpaka mkewe, Mama Cherono, alipoleta chai. Alinitazama, akatazama marundo yangu, akamgeukia mumewe.

"Huyu mama ako na mikono ya haraka. Anataka nini?"

"Anataka samaki."

"Si umfundishe? Kila siku unaongea na samaki peke yako, hata mimi nachoka kusikia."

Mzee Koros akanywa chai yake yote kwanza. Kisha akaniuliza, "Kwa nini unataka samaki? Si sokoni iko samaki."

Nikatoa kiboksi mfukoni, nikamfungulia. Ndani kulikuwa na Polisi, Bibi Harusi na Mheshimiwa kadhaa. Alijipangusa mikono kwenye suruali kwa uangalifu ambao ulinishangaza, akamchukua Mheshimiwa, akamleta karibu na jicho.

"Nani alitengeneza hii?"

"Mimi, mzee."

Alicheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mama, hii nzi imevaa koti mbili! Samaki haisikii baridi. Ni wewe unasikia baridi." Akamrudisha kwenye boksi, akafunga kifuniko polepole. "Kuja Jumamosi ingine. Kuja na gambuti."

Jumamosi hiyo nilifika na gambuti za mpira miguuni na hamu kubwa ya kushika ule ufito wa kuvulia. Tukatembea mpaka kijito kinachotoka msituni, maji meupe kwenye mawe, na pembeni bwawa dogo lenye kina. Mzee Koros akaonyesha nyasi za ukingoni.

"Lala."

"Nilale wapi, mzee?"

"Hapo. Na tumbo. Angalia maji."

Mimi, mama wa watu, mwanachama wa umoja wa akina mama kanisani, nikalala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande. Mwanzoni sikuona kitu. Baadaye nikaanza kuwaona: wadudu wa kweli, wametoka majini, wamesimama juu ya maji kwa miguu yao, mabawa yao kama karatasi ya nailoni. Walikuwa wembamba! Mmoja alipita karibu na pua yangu, nikaona mwanga ukipenya mwili wake. Nilikuwa nimefunga nzi tangu usichana wangu na sikuwa nimewahi kumtazama hata mmoja. Kisha maji yakafanya duara dogo, tup, na yule mdudu hakuwapo tena.

"Umeona?" Mzee Koros akanong'ona.

"Nimeona."

"Sasa inuka. Umelowa."

Kurusha kulinichukua muda mrefu zaidi. Kosa langu lilikuwa haraka. Mshipi unapokwenda nyuma, lazima ungoje unyooke wote kabla ya kuurudisha mbele, na kungoja huko, kwa mtu aliyezoea kazi ya vidole, ni mateso. Nilinasa mti. Nilinasa kilemba changu. Nilinasa kofia ya Mzee Koros nikaitupa katikati ya bwawa, akaenda kuichukua, maji yakiwa kiunoni, akarudi akaivaa ikichuruzika.

"Wewe mama, unapiga maji kama mtu anaua nyoka," akasema. "Ukirudisha nyuma, sema 'Nakuru'. Ukimaliza kusema, ndio ulete mbele."

"Nikisema Molo?"

"Molo ni fupi. Utashika mti."

Nikasema Nakuru. Nakuru, Nakuru, Nakuru, mpaka msitu mzima ukajua ninakotoka. Na mshipi ukaanza kunyooka. Alipoona nimeweza, akaniongezea urefu wa mshipi, akanipa mji wenye jina refu zaidi: "Sasa sema 'Elburgon'." Nawaapia, mpaka leo nikirusha mbali midomo yangu inataja Elburgon.

Nilipomfunga Mheshimiwa wangu kwenye mshipi nilipata somo jingine ambalo hata hakunifundisha yeye. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na tundu la ndoano lilikuwa limezibwa na tone la gundi tulilopaka kichwani. Nikachokoa, nikachokoa, huku samaki wakipiga maduara mbele yangu kama wananicheka. Kule mezani tone lile lilionekana dogo sana. Tangu siku hiyo hakuna nzi aliyepita mkononi mwangu bila kutazamwa tunduni dhidi ya mwanga, na ukija kwangu kujifunza, hilo ndilo nitakalokukaripia kwanza.

Hatimaye nikamrusha. Akatua, akayumba, akalala ubavu kama mlevi. Trauti mmoja alipanda kutoka chini, nikamwona mgongo wenye madoadoa, akasimama chini ya nzi, akamtazama, akageuka akaenda zake.

Mzee Koros akauvuta mshipi, akamshika Mheshimiwa, akamtia mdomoni. Akamng'ata manyoya! Alitema mabaki kwenye nyasi, akang'ata tena upande wa pili, akanirudishia kitu kilichoonekana kama kimepita kwenye mdomo wa mbuzi. "Tupa."

Nikarusha. Akatua amesimama. Akateremka na maji ameketi wima, na yule samaki, au ndugu yake, akapanda bila kuuliza maswali. Nilipiga kelele "Yesu!" nikavuta kwa nguvu zangu zote, uzi ukakatika. Bi Zuhura angenijua kuwa ni mimi. Mzee akaning'atia Mheshimiwa mwingine, na samaki wa pili nilimtoa, mdogo wa urefu wa kiganja, ubavuni ana mstari wa waridi kama mtu amempitishia lipstiki.

"Hii ni mtoto," Mzee Koros akasema. "Rudisha kwa mama yake." Nikamrudisha, nami nikageuza uso ili asione machozi.

Jumatatu nilimwekea Bi Zuhura yule nzi aliyeng'atwa mbele yake. Nilikuwa nimejaa furaha, sikufikiria. Alimtazama muda mrefu.

"Aliyemng'ata ni nani?"

"Mwalimu wangu."

"Mwalimu wako," akasema.

Hapo ndipo nilipojua nimemchoma. Wiki nzima hakunisemesha. Akiwa na la kuniambia alimpitishia mtu: "Mwambieni Truphena avute kiti chake." Na sampuli zilikuwa zinangojwa. Wenzangu wawili walijaribu kufunga nzi wembamba kama nilivyowaonyesha, Bi Zuhura akawarudisha nzi wote. "Kuku wa kunyonyolewa hatoki hapa kwa jina langu," akasema. Meneja alitembea huku na huku akijifanya anatafuta kitu. Sote tulijua mwezi unakwisha.

Ijumaa nikamfuata alipokuwa akivaa buibui lake kwenda nyumbani. "Bi Zuhura, kesho nakwenda Molo. Sikuombi ukubali. Nakuomba uje utazame kwa macho yako."

"Mimi nina umri wa kulala kwenye nyasi?"

"Nitakuchukulia kiti."

Akaenda bila kuaga. Asubuhi ya Jumamosi nilipofika kituoni nilimkuta ameshafika, buibui limepanda kidogo, na chini yake gambuti mpya. Mkononi ana thamosi ya kahawa ya tangawizi. "Baridi ya huko naisikia kwa watu," akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu katika wiki ile.

Njia nzima niliomba Mungu amzuie Mzee Koros asicheke. Tulipofika mtoni Bi Zuhura alimsalimu vizuri, "Habari za asubuhi, Bwana Koros?"

"Mzuri."

Nikamwona Bi Zuhura akikunja uso. "Nzuri," akasema kwa upole.

"Ndiyo. Mzuri kabisa."

Bi Zuhura akatoa boksi lake mwenyewe. Alikuwa amefunga Mheshimiwa mpya kwa mkono wake, mrembo kuliko wote niliowahi kuona, na akampa Mzee Koros kama mtu anayempa hakimu ushahidi. Mzee Koros akamfunga kwenye mshipi, akamrusha vizuri mno, kwa heshima. Nzi akatua, akalala ubavu. Akamrusha tena. Akalala. Mara ya tatu Bi Zuhura akainua mkono: inatosha.

Nilingoja kicheko. Mzee Koros alivua kofia yake.

"Mama," akasema, "mimi nimeona nzi za watu wengi. Mkono kama hii yako sijaona. Hii ni maridadi. Lakini haijui kuogelea."

Bi Zuhura akamshika yule nzi aliyelowa, akamgeuza kwenye mwanga. Maji yalipiga kelele kwenye mawe. Kisha akauliza, "Maji yanamshika wapi?"

Swali hilo, vijana wangu. Ningeweza kulitundika ukutani. Mtu aliyeheshimiwa na kila mfungaji pale Nakuru, amesimama kwenye matope, anauliza. Mzee Koros akamsogelea, akamwonyesha kwa ncha ya jani: bawa limezidi, uzito wote uko juu, na huku shingoni manyoya ni mengi, yanakunywa maji. Bi Zuhura akauliza kuhusu mkia. Mzee akajibu. Akauliza vipi kuhusu maji ya kasi, vipi maji yaliyotulia. Wakainama pamoja, kofia na buibui, wakanisahau kabisa. Nilifurahi, na nitasema kweli, nilisikia wivu kidogo. Nilikuwa na walimu wawili, sasa wao wamepatana na mimi nimebaki na thamosi.

Bi Zuhura akaketi juu ya jiwe. Mkobani mwake hakukosa kamwe uzi na ndoano. Hakukuwa na vaisi, kwa hiyo akabana ndoano kwa vidole vya mkono wa kushoto, akawa anapuliza pumzi kuvipasha joto, akafunga kwa mkono wa kulia. Unyoya aliomba kwa Mzee Koros, aliyeuchomoa kwenye kofia yake, wa jogoo wa nyumbani, wa rangi ya kutu. Bawa fupi. Shingoni mizunguko michache tu, kisha akasita, mkono ukataka kuongeza kwa mazoea, akajizuia. Akafunga fundo. Akamtazama tunduni dhidi ya mwanga.

"Mjaribu," akasema.

Mzee Koros akarusha. Yule nzi akatua kama ametumwa. Akasimama juu ya maji, akateremka, akazunguka jiwe, na hapo maji yakafunguka. Ufito ukapinda. Na Mzee Koros, badala ya kuvuta, akageuka akamsukumia Bi Zuhura ule ufito mikononi.

"Shika! Ni yako!"

"Nifanye nini?"

"Usivute! Ongea na yeye!"

Bi Zuhura akaongea na yeye. Gambuti zimeingia majini, buibui limelowa mpaka magotini, akamwambia samaki kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Taratibu, bwana. Taratibu. Hakuna anayekukimbiza. Njoo huku, njoo." Mshipi ulikwenda kulia, ukaenda kushoto. Mimi nilikuwa nimemshika kiunoni asianguke, Mzee Koros amejitosa na wavu, na nadhani sote watatu tulikuwa tunapiga kelele. Samaki alipoingia wavuni, alikuwa mkubwa, ameshiba, mstari wa waridi ubavuni unang'aa.

Bi Zuhura hakumtazama samaki. Aliinama akamtazama yule nzi, pembeni mwa mdomo, pale alipokamata.

"Amemwamini," akasema polepole. "Truphena, samaki amemwamini."

Sampuli zilitoka kabla ya mwezi kwisha, nyembamba zote, na Bi Zuhura alizikagua moja baada ya nyingine. Mnunuzi alibaki. Tangu hapo kila msichana mpya aliyeajiriwa alipelekwa Molo kulala kwenye nyasi kabla ya kupewa unyoya, na Mzee Koros alilalamika kila mara kwamba tunamwogopeshea samaki. Lakini mara ya tatu kwenda tulikuta amepigilia benchi la mbao ukingoni. Bi Zuhura na Mama Cherono wakawa marafiki wa kupelekeana vitu: kahawa ikipanda, viazi vikishuka. Kuhusu "nzuri" na "mzuri" hawakupatana mpaka mwisho.

Bi Zuhura ametangulia mbele ya haki. Katika ugonjwa wake nilimtembelea na nzi niliofunga, akawa anawapapasa kwa ncha ya kidole kwa kuwa macho yalikuwa yamefifia. "Huyu amezidi," angesema, na alikuwa amezidi. Sikumwambia hata siku moja kwamba yeye ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Nilidhani anajua. Nyinyi waambieni wenu.

Sasa nimestaafu, na Jumamosi nafundisha kuvua. Wanakuja vijana wa Nakuru, wengi wametazama video nyingi, mikono yao inajua mambo ambayo hayapo. Mwezi uliopita nilikuwa na Wambui, msichana anayefanya kazi ofisini mjini, mwenye bidii na kucha ndefu. Mzee Koros alikuwapo. Mguu wake mmoja hauna nguvu tena, hawezi kuingia majini, lakini Mama Cherono humsaidia kufika kwenye benchi na kumfunika blanketi. Mara nyingi huwa ananyamaza mpaka unadhani amesinzia.

Nilikuwa nimesimama ukingoni nikimwonyesha Wambui jinsi ya kukaribia bwawa. Nilieleza vizuri, nadhani. Nilieleza kwa muda. Wambui alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, nami nikanogewa na sauti yangu, nikasogea mbele ili nimwonyeshe mahali samaki wanapolala.

"Truphena," sauti ikatoka kwenye blanketi. "Kivuli yako iko ndani ya maji. Umeshafukuza wote. Rudi nyuma."

Nikatazama. Kweli, kilikuwa kimelala juu ya bwawa zima, kilemba na kila kitu.

Wambui akafunika mdomo. Aliponisogelea aliniuliza kwa kunong'ona, macho yamemtoka, "Kwani hata wewe bado unakosolewa?"

"Bado," nikamwambia, na sijui kama aliona jinsi nilivyofurahi.

Kisha nikarudi nyuma, nikatafuta jua liko wapi, nikaanza tena.